Magunia Ishirini na Barabara Iliyofunguka

Nilifika Bunia baada ya siku tisa njiani kutoka Kisangani, nikiwa juu ya lori lililobeba sabuni, mabati na watu kumi na wanne ambao hawakuandikwa kwenye karatasi ya mizigo. Mwenye haraka hupanda ndege. Mimi sikuwa na haraka, na nikisema kweli sikuwa hata na sababu. Nina ugonjwa tangu ujana wangu: naupenda mji nikishauacha. Nilipohamia Bukavu niliikumbuka Uvira. Nilipofika Goma nikaikumbuka Bukavu. Kisangani nilikaa miaka minne nikiwasimulia watu uzuri wa Goma, baridi yake na viazi vyake, mpaka jirani mmoja akaniuliza kwa upole ni nani aliyenizuia kurudi. Hakuna aliyenizuia. Nikafunga mizigo, nikapanda lori linalokwenda upande mwingine.

Siku ya tano, katikati ya msitu, lori lilizama kwenye matope mpaka ekseli. Wasaidizi wa dereva walikata gogo refu, wakaliingiza chini ya lori, wakaliegemeza juu ya jiwe, kisha wakatuita abiria sita tuning'inie kwenye ncha ya mbali. Tulikuwa wanaume sita tulioshinda na ndizi za kuchoma, na lori zima likainuka. Nilicheka kwa furaha, kwa maana sikuwahi kuwa na nguvu za namna hiyo. Mara ya tatu gogo liliteleza juu ya jiwe, likazunguka, likampiga mama mmoja aliyekuwa amesimama pembeni na sufuria yake, akitungoja tumalize ili apike. Likamvunja mkono. Sisi sita tulioning'inia hatukuchubuka hata kidole. Alimaliza safari mkono umefungwa kifuani kwa kitenge, na sisi tukampa nafasi nzuri ya kukaa, karibu na kabini. Hiyo ndiyo fidia tuliyokuwa nayo.

Bunia nilipata chumba katika komini ya Shari, moja ya wilaya za mji huo, kwa mama mmoja mjane mwenye umri wa miaka hamsini na kitu. Alikuwa ametoka kijiji cha Djugu, mbele ya Iga Barrière, alikofukuzwa na vita pamoja na watu wake. Wenzake wengi waliishi kambini chini ya maturubai. Yeye alifanikiwa kutoka na ng'ombe wawili, akawauza, akanunua kiwanja chenye nyumba ya udongo ya vyumba vitatu. Viwili alilala yeye na wajukuu zake, kimoja alipangisha. Karatasi ya kiwanja aliitia kwenye mfuko wa plastiki, mfuko akautia kwenye kopo la biskuti, na kopo akalifukia chini ya kitanda. Alishafukuzwa mara tatu maishani mwake. Kiwanja hicho kilikuwa mahali pekee duniani ambapo hakuna mtu angeweza kumwambia aondoke.

Nilimlipa dola ishirini za mwezi wa kwanza, na sitini za garanti. Garanti ni desturi ya miji yetu: mpangaji hutoa kodi ya miezi mitatu mbele, na mwenye nyumba anapaswa kumrudishia siku akitoka. Siku hiyo ikifika, mwenye nyumba huwa ameshaila zamani. Kwa hiyo mpangaji mwenye akili hadai kitu. Hukaa miezi mitatu ya mwisho bila kulipa, akiila garanti yake polepole akiwa kitandani, na wote wawili huachana bila kuzungumza sana.

Nilianza kuuza maharagi sokoni, kwa bakuli. Mama mwenye nyumba ndiye aliyenifundisha. Alikuwa akichota mkono mmoja wa maharagi, anayatazama, anakutajia kilima yalikotoka, na kama mkulima ni mvivu au si mvivu. Mtaji wangu ulikuwa dola mia mbili, na nilijiona mfanyabiashara.

Kisha barabara ya Iga ikafungwa. Watu wenye silaha walikuwa njiani, malori yakasimama, na gunia la maharagi lililokuwa dola arobaini likawa hamsini ndani ya wiki chache. Wiki hizo ndizo alizotutembelea ajenti wa koperative ya akiba na mikopo, mwanamume mwenye koti la mvua na kalamu tatu mfukoni. Alikaa uani kwetu, akafungua daftari juu ya goti. Hesabu alizitaja kwa Kifaransa, kama ilivyo desturi ya watu wa ofisi. Hapa naziandika kwa lugha ya kila mtu.

"Papa, weye iko na dola mia mbili," aliniambia. "Na ile mia mbili iko inalala tu. Unanunua nayo magunia ine. Bei ikipanda mpaka sabini na tano, unapata faida ngapi?"

"Mia moja," nilijibu. Nilisoma mpaka mwisho wa sekondari, kitengo cha biashara, nikatoka na hamsini na mbili kwa mia, alama ambayo kwetu inatosha kupewa diploma na haitoshi kujivuna.

"Mia moja. Sasa siye tunakupa mia nane. Na ile yako inafanya elfu moja. Unanunua magunia makumi mbili. Bei ikipanda vilevile, faida ni mia tano. Unaturudishia mia nane yetu na riba ya themanini, na mukononi unabaki na faida ya mia ine na makumi mbili. Mutu ni uleule, maharagi ni ileile. Bafaransa banaita levier. Ni muti wa kuinulia kitu kizito."

Nililikumbuka lori likipanda kutoka kwenye matope kwa nguvu za watu sita wenye njaa. Ajabu ni kwamba mama mwenye sufuria sikumkumbuka hata kidogo.

Mama mwenye nyumba alikuwa pembeni akimenya mihogo. Yeye ndiye alikuwa na karatasi, na koperative haikopeshi mtu asiye na karatasi. Aliuliza swali moja tu.

"Na kama bei inashuka?"

"Mama," ajenti akasema kwa heshima, "barabara imefungwa. Maharagi itashuka kupitia wapi?"

Tulicheka sote watatu. Mama alicheka kuliko sisi, mpaka akaweka kisu chini. Kesho yake kopo la biskuti lilifukuliwa. Mkopo uliandikwa kwa jina lake, miezi mitano. Mtaji wangu na karatasi yake, faida nusu kwa nusu.

Naomba msomaji asiyependa hesabu avumilie kidogo, kwa sababu ajenti alitufunulia ukurasa mmoja wa daftari na kuuacha wa nyuma yake. Nami niliufanya mwenyewe miezi mitatu baadaye, kwa penseli, nikiwa sina usingizi wa mchana. Chukua dola mia mbili zako peke yake, nunua magunia manne ya hamsini. Bei ikishuka mpaka arobaini, umepoteza kumi kwa kila gunia, yaani arobaini. Umebaki na mia moja na sitini. Utanuna siku mbili, mke wako atakusema, kisha utaendelea. Sasa ongeza mia nane za watu, nunua magunia ishirini. Bei ishuke vilevile, kumi tu kwa gunia. Umepoteza mia mbili. Mtaji wako wote umekwisha, na riba ya themanini bado inakungoja mlangoni na koti lake la mvua.

Hivyo ndivyo ulivyo mti wa kuinulia. Bei ni ileile, inapanda au kushuka kama inavyotaka, wala haijui kama umekopa. Lakini kila hatua yake wewe unaipokea mara tano. Ikipanda, unajiona una akili mara tano. Wenye malori makubwa ya mjini hukopa hivyo kila mwaka na hujenga nyumba za ghorofa, kwa hiyo sisemi ni dhambi. Nasema tu kwamba wao wana malori kumi, na moja likizama wanabaki na tisa. Sisi tulikuwa na kopo moja la biskuti.

Magunia ishirini yalipangwa chumbani kwangu mpaka karibu na dari, na kitanda changu kikasukumwa ukutani. Nililala na harufu ya maharagi makavu, nikijihisi tajiri.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijaliona katika mji mwingine wowote, na nimekaa katika miji mingi. Kila Jumatano alasiri wanawake wa kundi la maombi walikutana uani kwetu, chini ya turubai. Wengi walikuwa wakimbizi wa Djugu, na wawili watatu walikuwa wafanyabiashara waliohamia kutoka Butembo. Mama mwenye nyumba ndiye aliyeongoza. Ombi la kwanza, kabla ya wagonjwa, kabla ya karo za watoto, lilikuwa moja wiki zote: Mungu aifungue barabara ya Iga. Walilia wakiomba. Wengine walifunga kula. Na wanawake sita katika wale kumi na mmoja, naliandika hili nikiwa nimelihakikisha, walikuwa na magunia ya mkopo nyumbani mwao, yaliyonunuliwa kwa tumaini kwamba barabara itabaki imefungwa.

Nilingoja hadi wakaondoka, nikamwambia mama.

"Mama, unajua barabara ikifunguka, maharagi itashuka."

"Ninajua."

"Sasa kwa nini unaomba?"

Alinitazama kama mtu anavyomtazama mpangaji aliyechelewa kuamka. "Dada yangu iko kule ngambo ya Iga," alisema. "Ni mwezi wa ine siyasikie sauti yake. Weye unataka nimwambie Mungu nini? Nimwambie, acha dada yangu kwanza, niuze maharagi?"

"Ungeweza kumwambia angoje kidogo."

"Weye mwambie. Weye ndiyo mutu wa hesabu."

Jumatano iliyofuata nilikaa nao chini ya turubai. Walipofika kwenye ombi la barabara, mama alisema amina kwa sauti ya mtu anayeomba mkate. Mimi nilifungua mdomo, nikaufunga. Nadhani nilikuwa mtu pekee pale ambaye imani yake na biashara yake zilikuwa upande mmoja, na ndiye niliyeona aibu.

Bei ilifika sitini na tano. Mama aliingia chumbani kwangu asubuhi, akapiga gunia la chini kwa kiganja.

"Tuuze, ndugu. Leo."

Nilishika penseli. Tukiuza leo, nilimwonyesha, tunapata elfu moja na mia tatu. Tunalipa mkopo na riba, mtaji unarudi, inabaki faida ya mia mbili na ishirini. Nzuri. Lakini tukingoja sabini na tano, ile iliyoandikwa na ajenti, inakuwa mia nne na ishirini. Karibu mara mbili, kwa dola kumi tu za bei.

"Mimi niliogopa bei ya sitini tayari," alisema.

"Wiki mbili tu, mama."

"Sawa. Weye unajua hesabu."

Nimeambiwa maneno mengi makali katika maisha yangu, na mengine niliyastahili. Hakuna lililonikaa kama hilo, ambalo lilisemwa kwa uaminifu kabisa.

Barabara ilifunguka siku ya tisa. Habari ilikuja kwanza kwa sauti za simu, mtu akimtumia mtu: malori yamepita Iga, yako njiani, mengi. Mama aliacha sufuria jikoni, akatoka mbio na kandambili mguu mmoja. Nilimfuata mpaka barabara kuu, tukasimama na umati. Malori yalikuja taratibu, moja nyuma ya lingine, meupe kwa vumbi, na juu ya kila lori watu walikuwa wamekaa juu ya magunia. Kwenye la tatu mama alimwona dada yake.

Dada mtu alishuka kwa shida, amekonda, meno yote yapo, akicheka. Walishikana, wakazunguka barabarani mpaka pikipiki zikapiga honi. Wanawake wa Jumatano walikuwepo, wakaanza wimbo. Nami niliangalia juu, mahali dada mtu alipokuwa amekaa. Magunia yalishonwa kwa kamba ya bluu. Maharagi, mapya, ya vilima vyake. Nilihesabu malori kumi na mawili, kisha nikaacha.

Jioni, dada mtu akila uani, alisema, "Na magunia hii yote ndani ni ya nini? Munangoja harusi?"

"Tulingoja weye," mama akamjibu, na wote wawili wakacheka mpaka wakafuta machozi. Nilicheka pia, kidogo.

Ndani ya wiki mbili gunia lilikuwa dola thelathini, nalo kwa kubembeleza. Tuliuza yote ishirini, tukapata mia sita. Deni lilikuwa mia nane na themanini. Mtaji wangu haukuwepo tena, na pengo lilikuwa mia mbili na themanini, na pengo hilo lilikuwa limekaa juu ya karatasi ya mama. Ajenti alikuja na kalamu zake tatu. Alisikitika kweli, nilimwona. Alisema amekula maharagi hayohayo nyumbani kwake kwa bei nzuri. Kisha akatoa mwezi mmoja. Baada ya hapo koperative ingetuma watu kupima kiwanja ili kiuzwe.

Mama hakunilaumu. Jumatano walikutana na kumshukuru Mungu kwa barabara. Ni hapo tu nilipoanza kutoka nje maombi yakianza.

Amani ndogo ile ilileta maharagi, na baada ya maharagi ikaleta mashirika ya misaada, na mashirika yakaleta watumishi wao wanaotafuta vyumba. Wiki ya tatu ya ule mwezi, mama alikuwa akipepeta mchele, mimi nikishona kifungo.

"Iko mutu moja alipita hapa," alisema bila kuinua kichwa. "Wa shirika. Anatoka Goma. Anatafuta chumba."

"Chumba gani, mama? Viko vitatu na vyote vimejaa."

"Ndiyo vile nilimwambia."

Aliendelea kupepeta. Kuku alikuja, akamfukuza.

"Alisema bei gani?"

"Makumi munane kwa mwezi. Na garanti ya miezi tatu, siku ileile. Lakini nilimwambia chumba iko na mutu."

Sikuhitaji penseli. Themanini za mwezi wa kwanza na mia mbili na arobaini za garanti ni mia tatu na ishirini. Ukitoa mia mbili na themanini, kopo la biskuti linarudi chini ya kitanda na arobaini zinabaki za mchele. Kitu pekee kilichokuwa bado hakijauzwa katika biashara yetu kilikuwa mimi, na nilikuwa nikipangishwa kwa robo ya bei yangu.

"Mwambie aje," nilisema.

"Na garanti yako weye? Sitini. Ukitoka, ninapaswa kukurudishia."

"Nimeshaila."

"Umeila lini? Ulilipa mpaka mwezi jana."

"Nimeila kwa maharagi, mama."

Alipepeta mara ya mwisho. Kisha akamwaga mchele kwenye sufuria, akasema, "Mara hii hesabu yako iko sawa." Hakucheka, nami sikujua kama ni shukrani au kejeli. Nafikiri alinipa vyote viwili, nichague.

Siku niliyoondoka Bunia kabisa, yule mtu wa shirika alifika saa mbili asubuhi na godoro lake jipya. Alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Nilikuwa nafunga begi, na mama na dada yake wamesimama mlangoni wamevaa vitenge vya kwendea mjini, tayari kupita koperative. Kijana alitoa bahasha, akaishika. Akaingia katikati ya chumba, akatazama mabati juu.

"Muzee," aliniuliza, "mvua ikinyesha, hapa hakuvuji?"

Mama alitazama miguu yake. Dada mtu akatazama barabara.

"Nimelala hapa miaka miwili na nusu," nilisema. "Kitanda changu hakijalowa hata siku moja."

Ilikuwa kweli. Kila mvua ikianza nilikuwa nakisogeza, na nilikuwa na beseni mbili.

Kijana alishukuru. Alifungua bahasha, akazihesabu noti mkononi mwa mama, kumi na sita za dola ishirini, akiziangalia moja moja kama zina mpasuko, kwa maana kwetu dola iliyochanika haipokelewi. Mama aliziangalia naye tena. Zote zilikuwa nzima. Nilibeba begi, nikampisha na godoro lake mlangoni, nikaenda kutafuta pikipiki.